Vumbi la Shimoni Lisivuke Kizingiti

Sogezeni viti karibu, wanangu, na fungeni huo mlango wa jikoni, maana sitaki kupaza sauti nisiyokuwa nayo. Daktari amenikataza kuongea sana, nami nimemwambia kwamba nimeongea tangu nizaliwe na sitaanza ububu leo, siku ambayo maneno yangu yana kazi ya kufanya. Nitasema, nitakohoa, nitanyamaza kidogo, kisha nitaendelea. Asiniambie mtu "pumzika, mama", kwa sababu kupumzika kwenyewe kuko njiani kunakuja na hakuna wa kukuzuia.

Mko watatu mbele yangu na mnanitosha. Wewe kifungua mimba wangu, mkuu wa utumishi pale mgodini, mwenye shati jeupe na kiti cha kuzunguka. Wewe kitinda mimba, binti yangu, unayeshuka chini ya ardhi kuendesha mashine ya kupakia mawe, kazi ambayo enzi zetu ungeitajia mwanamke watu wangecheka mpaka washike mbavu. Na wewe mkwe wangu, mwoka mikate, mume wa mchimbaji. Ndiyo, usiinamishe uso, hicho ndicho cheo chako, na mimi nilikishika maisha yangu yote nikiwa mke wa mchimbaji, na si cheo kidogo hata kidogo.

Asubuhi ya leo nilikuwa nimelala hapa hapa nikasikia mlio kwenye ngazi za mlangoni. Pa! Pa! Pa! Mlio wa kitambaa kizito kinachopigwa hewani. Nikadhani ninaota, kwa maana mlio huo sijausikia tangu huyu mkubwa akiwa mtoto wa kaptura. Nikainua shingo nikachungulia dirishani, na nani namwona? Mkwe wangu, ovaroli la mkewe mikononi, analikung'uta kwa nguvu zake zote, huku mjukuu wangu anatambaa miguuni pake na vumbi la kijivu linamshukia kichwani kama unga. Nilipiga ukelele ambao sikujua kama bado ninao. Simlaumu, jamani, hakuna aliyemwambia, naye alikuwa anamfulia mkewe kwa mapenzi. Nilipomuuliza nguo hiyo imefikaje nyumbani kwangu, akaniambia kwamba nyumba ya kufulia ya pale langoni mwa mgodi imefungiwa zamu ya mkewe kwa majaribio, na mwisho wa mwezi itafungwa kwa wote, kila mfanyakazi apewe sabuni abebe nguo zake nyumbani. Nikamuuliza uamuzi ni wa nani. Akatazama chini, akaanza kukuna kichwa. Hapo nikajua ni wako, mwanangu mkubwa, na ndiyo maana mmeitwa.

Najua mnataka kusikia habari ya nyumba hii, inakwenda kwa nani. Mtasikia. Lakini kwanza mtasikia ninachotaka mimi, kwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na humu ndani mkuu ni mimi mpaka dakika ya mwisho.

Nilipoolewa, bibi yenu, mama mkwe wangu, alinishika mkono akanisimamisha kwenye ngazi zile zile. Akaniambia, mwali, nguo ya shimoni haitiwi majini na vumbi lake, maana vumbi la mwamba likilowa linakuwa tope, linang'ang'ania, utasugua mpaka vidole vichubuke. Kwanza likung'ute likiwa kavu, kwa nguvu, mpaka lisitoe kitu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, na hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyofanya. Zamu ya mchana ikishatoka ungesikia pa, pa, pa, mlango hadi mlango, nasi tunapigiana kelele na kutaniana ni nani mwenye mume mchafu kuliko wote, vumbi limetanda hata nyumba ya mbele huioni. Aliyekung'uta kwa kishindo ndiye aliyesifiwa kuwa mke. Tulicheka sana siku zile, na tulikuwa tunavuta mwamba puani.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Pacha. Mwanamke mcheshi, hodari, hakuvuta sigara wala hakuwahi kushuka shimoni, na bado akaanza kukohoa kile kikohozi cha wachimbaji wazee, kikavu, kisichotoa kitu. Daktari wa mgodi akampima akasema ni moshi wa jikoni. Moshi! Nyumba zote za mgodi zilikuwa na majiko ya umeme, moshi ulitoka wapi, kwenye taa? Mama Pacha akakonda, akaisha, tukamzika. Tulipokuwa tunaosha vikombe vya waombolezaji nikawaambia wenzangu, huyu hakwenda shimoni, basi shimo ndilo lililomfuata nyumbani. Mmoja akaacha kikombe kikaanguka. Tulizoea kusema kikulacho ki nguoni mwako tukimsema shoga mnafiki, kumbe chetu kilikuwa nguoni kweli, na sisi wenyewe tulikuwa tunakikung'uta mbele ya watoto wetu.

Jioni ile baba yenu aliporudi alinikuta nimeziba mlango, mkono huku, mkono kule. Nikamwambia, vua hapo. Akasema, "Nivue wapi?" Hapo ulipo, ovaroli hilo halivuki kizingiti changu. "Mke wangu, watu wanaona." Waone, nikamwambia, hicho watakachokiona nilishakiona mimi na wala hakitishi. Mtaa ukaangua kicheko! Baba yenu, mlipua baruti, mtu ambaye mawe yenyewe yalimwogopa, akaingia nyumbani kwake na chupi na soksi. Akanuna. Akawa hanisemeshi ila kupitia kwako wewe mkubwa: "Mwambie mama yako chai imepoa." Nami nikajibu, mwambie baba yako mikono anayo. Wewe ukawa unakimbia kati ya chumba na chumba umefurahi, unadhani ni mchezo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wake wenzangu wakaona nimethubutu, wakathubutu nao, na haikuchukua muda maovaroli yakawa yanarundikana nje ya kila mlango. Sasa mgodi ulikuwa na sheria yake: kila mwanzo wa wiki msimamizi anakagua nguo mbele ya kizimba cha kushukia, na mwenye ovaroli lililoganda mafuta hashuki, kwa sababu mafuta yaliyokauka kwenye nguo hudaka cheche, na huko chini cheche haziishi. Mafuta hayo sisi ndio tuliokuwa tunayatoa, kwa mikono yetu na maji yetu, bila hata asante. Tulipoacha, nguo ziliganda mpaka zikaweza kusimama zenyewe ukutani, na wanaume wakaanza kurudishwa nyumbani mmoja mmoja.

Wacha wenzake wamcheke baba yenu! Walimwita mwali. Akachachamaa, akasema kwani kufua ni kitu gani, akachukua ovaroli lake akaenda nalo uani nyuma ya nyumba kulikung'uta. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, mwanga unaingia upande upande, na katika mwanga ule akaliona vumbi. Alipiga mara ya kwanza, akapiga ya pili, akasimama. Kisha akakaa kitako juu ya beseni lililopinduliwa, akaniita. Akaniambia, "Kule chini tunamwagia mwamba maji kabla ya kutoboa ili hili lisipande. Tunafunga vitambaa puani. Kumbe tunalibeba tunawaletea ninyi mlio na pua wazi." Akalia, wanangu, baba yenu huyo mnayemkumbuka hata msibani hatoi chozi. Nami nikalia naye, nikamtengenezea chai ya moto, na ukawa mwisho wa kununiana.

Aliyebaki kunipinga ni bibi yenu. Alikuja na fimbo yake, akakataa kiti, akasema mtoto wake anarudishwa nyumbani kutoka kazini kama mwizi kwa ajili yangu, na kwamba mke asiyemfulia mume ni mpangaji tu. Nikamjibu kwa adabu, mama, heri mpangaji aliye hai kuliko mke aliye kaburini. Aliondoka bila kugusa chai, na tukawa tunapishana njiani kama watu wasiojuana. Hiyo iliniuma kuliko kelele zote za wanaume, kwa sababu nilimpenda yule mzee, na kikohozi alichokuwa nacho nilikuwa ninakisikia kupitia dirishani.

Nipeni maji. Kidogo tu. Haya, tuendelee, hapa ndipo patamu.

Tukapanga siku. Tukapakia maovaroli yote ya mtaa kwenye mikokoteni na magari ya kubebea watoto, tukaloweka vitambaa tukafunga puani, watoto tukawaacha kwa wazee, tukaanza kupanda kwenda ofisi kuu. Kwenye kona ya kwanza nani amesimama? Bibi yenu, na kifurushi kwapani. Akakifungua mbele yangu. Lilikuwa ovaroli la mwisho la babu yenu aliyekufa kwa kifua, hajalifua tangu siku aliyomzika, amelitunza sandukuni miaka na miaka kwa kuwa vumbi lile ndilo lililobaki la mume wake. Akaniambia, "Mimi ndiye niliyekufundisha kukung'uta. Sasa nifundishe wewe, mwanangu." Nikamfunga kitambaa puani kwa mikono yangu, na gurudumu la mkokoteni mmoja akalisukuma yeye kwa fimbo yake.

Tulifika wakubwa wanakunywa chai, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Meneja wa wakati ule, tuliyekuwa tunamwita Miwani, akatoka barazani na tabasamu la mtu anayepokea wageni asiowataka. "Karibuni, mama zangu, kuna tatizo gani?" Nikamwambia hakuna neno, mheshimiwa, tumekuja kufua, na kwetu kufua kunaanza kwa kukung'uta. Basi nikanyanyua la baba yenu nikalipiga. Pa! Na wanawake wote nyuma yangu, pa! pa! pa! Chini ya kila dirisha! Nawaambieni, mkutano wa chai ulivunjika. Makarani walitoka mbio wakikanyagana, mhasibu ameshika kikombe kilichoota utando wa kijivu, na Miwani mwenyewe miwani haioni tena, leso mdomoni, anapunga mkono na kupiga kelele, "Acheni! Acheni jamani, mtatuua!"

Tukaacha, wote kwa pamoja. Bibi yenu akasogea na fimbo yake mpaka chini ya baraza, akasema kwa upole, "Rudia, baba. Masikio yangu ni ya kizee. Umesema nguo hizi zinafanya nini?" Na langoni walikuwa wamesimama wanaume wa zamu mbili, inayotoka na inayoingia, nao wamesikia neno lile kutoka kinywa chake mwenyewe. Hakurudia. Hakukuwa na haja. Siku ile hakushuka mtu shimoni, wala iliyofuata, mpaka alipokubali kujenga.

Ndivyo ilivyojengwa nyumba ya kufulia, wanangu. Mashine kubwa za kufulia, mabomba ya kuogea, na makabati mawili kwa kila mchimbaji, moja la nguo za shimoni na jingine la nguo za nyumbani, na ukuta katikati. Ya kwanza kutiwa kwenye mashine ilikuwa nguo ya babu yenu, bibi alitaka hivyo. Likatoka ovaroli la bluu. Yule mzee alilishika akalitazama, akacheka kama msichana, akasema, "Wallahi nilisahau kwamba lilikuwa bluu." Alilivaa nyumbani kupalilia maua mpaka alipokufa.

Na siku ya kwanza ya baba yenu kutoka kule! Nilisikia hodi. Nikasema karibu, nikidhani ni mgeni, nikafungua nikakuta mwanamume ameoga, amechana nywele, ananukia sabuni, anatabasamu kama bwana harusi. Wewe mkubwa ulikuwa na desturi ya kumkimbilia kila akirudi, nami kila siku nilikukamata shati kwa nyuma nikikwambia ngoja aoge kwanza, nawe unarusha miguu na kulia. Siku ile ulikimbia, mkono wangu ukanyooka kwa mazoea, kisha nikaurudisha. Ukamrukia shingoni. Ulikuwa hujawahi. Baba yako akaganda pale mlangoni na wewe shingoni, hataki kuingia wala kutoka, mpaka chai ikapoa tena na safari hii hakuna aliyelalamika. Unakumbuka? Usinijibu. Naona kwamba unakumbuka.

Huyu mdogo alizaliwa baadaye, hakuwahi kumwona baba yake mchafu hata mara moja. Mwalimu alipomuuliza baba anafanya kazi gani alisema ni karani! Baba yenu alikasirika wiki nzima, eti ameshushwa cheo. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu ule ndio uliokuwa ushindi wangu: nimezaa mtoto wa mchimbaji asiyejua rangi ya vumbi. Wanawake walioolewa mtaani baada yetu hawakohoi. Nendeni mkawasikilize. Sisi tuliokwisha kuvuta tulikuwa tumekwisha kuvuta, na kilichomo kifuani mwangu ni cha miaka ile ya mwanzo, lakini tulikifungia mlango, kikachukua muda mrefu kunifikia. Nimezeeka. Nimecheza muziki na baba yenu sebuleni humu mpaka magoti yake yalipogoma, nimemzika akiwa mzee mwenye mvi, nimewaona wajukuu. Nani aseme nimeshindwa?

Sasa, mali. Vikombe vya kabati la kioo, vile ambavyo hajawahi kufika mgeni wa kuvistahili, ni vya binti yangu, na avinywee chai kila siku hadi vivunjike. Baiskeli ya baba yenu ni ya mkwe, ya kupelekea mikate. Na nyumba... nyumba hii nakupa wewe, mkubwa.

Mbona mnatazamana? Dada yako ndiye aliyeniuguza, mlidhani ni yake. Sikieni hadi mwisho. Nakupa wewe kwa sharti kwamba unashuka kutoka kule kilimani kwa wakubwa, unakuja kuishi humu na mkeo na watoto wako, na dada yako na mumewe na mtoto wao wanabaki kwenye vyumba vyao, hakuna wa kuwatoa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukiifunga nyumba ya kufulia, ovaroli la dada yako litakung'utwa kwenye ngazi zako, na watoto wako watatambaa hapo. Ukiiacha wazi, utaishi katika nyumba safi. Uamuzi ulikuwa ofisini kwako, mimi nimeuhamishia mlangoni kwako, basi.

Najua wenye mgodi wapya, hao wanaotaka gharama zipungue, watakukunjia uso. Wanaweza kukuondoa kwenye kile kiti. Cheo ni koti la kuazima, mwanangu, mwenyewe akilitaka utamvulia, lakini pafu la mtoto huyu haliazimwi popote. Na sikuagizi kama mtumishi, nakuomba kama mama. Haya, sema. Mbele ya dada yako.

Hapana. "Nitaliangalia" ni neno la ofisini, na hapa ni nyumbani. Sema lingine.

Ah... Rudia, mwanangu. Si kwamba sikusikia. Nataka kulisikia tena. "Haifungwi." Haya, mmesikia wote. Na zamu ya dada yako? Kesho? Kesho kwa nini, leo ina ubaya gani? Simu unayo mfukoni, itoe, piga hapa hapa. Mwambie mlinzi. Sauti, baba, sauti... Ndiyo. "Fungua milango. Zamu zote." Vizuri. Usiwaombe radhi, umeshasema, kata. Njoo nikushike kichwa. Una jasho kama uliyetoka shimoni wewe, na shati lako hilo jeupe! Lia tu, hata baba yako alilia, alilia juu ya beseni.

Nimechoka sasa. Sogeeni... karibu zaidi, siwezi kupaza. Msigombane juu ya vyumba. Mkwe wangu, mpende mchimbaji wako, mngojee kila siku akirudi, hata mkiwa mmenuniana umngojee. Mkubwa, mheshimu dada yako, anashuka mahali ambapo wewe hujafika. Mungu awape kifua cha kupumua, awape... awape nyumba yenye kicheko. Radhi yangu mnayo, wote, na mjukuu wangu, yote.

Na kuhusu kunizika. Msinizike asubuhi. Ngojeni zamu itoke... waoge, wavae nguo za nyumbani, wachane nywele. Kisha ndio waje wanibebe, wachimbaji, wote ambao... wataweza. Nataka nitoke mlangoni humu mabegani mwa wanaume na wanawake wanaonukia sabuni. Asiyeoga, mwambieni... mwambieni mwenye nyumba amekataa.